Mwongozo Kamili wa Kuunda Kampaundi za Heterosaikliki kwa Mmenyuko wa Biginelli: Kuanzia Chupa ya Benzaldehaidi hadi Sampuli ya Kupimwa Kama Dawa

Wanafunzi wanaopewa mradi wa kuunda kampaundi mpya ya heterosaikliki hukwama mahali palepale kila mwaka. Wanachanganya kemikali kama ilivyoandikwa, wanachemsha kwa saa kadhaa, wanapata unga mweupe wa kupendeza, wanaupeleka kupimwa, kisha wanarudishiwa spektra (mchoro wa vilele unaoonyesha muundo wa molekuli) isiyolingana na muundo waliouchora. Lawama hutupiwa mmenyuko, ilhali mmenyuko wenyewe ni mpole na unasamehe makosa mengi. Kinachoharibika ni kazi inayotangulia kuchemsha na ile inayofuata: usafi wa aldehaidi, uchujaji, ukaushaji, na uthibitisho wa kile kilichopatikana.

Kampaundi ya heterosaikliki ni ile yenye pete ambayo ndani yake kuna angalau atomi moja isiyo ya kaboni, hasa naitrojeni, oksijeni au salfa. Dawa nyingi zilizomo kwenye rafu za famasia zimejengwa juu ya pete hizo. Katika SP wanayopewa wajawazito kliniki ili kuwakinga na malaria, salfadoksini na pirimethamini zote mbili zina pete ya pirimidini; isoniazidi ya kifua kikuu ina piridini; metronidazoli ina imidazoli; flukonazoli ina triazoli.

Mwongozo huu unafuata njia moja tu, mmenyuko wa Biginelli, ambao huunganisha aldehaidi, ethili asetoasetati na urea katika chombo kimoja na kutoa dihaidropirimidinoni. Njia hii imechaguliwa kwa sababu kemikali zake ni za bei nafuu, haihitaji gesi ya kuzuia hewa wala viyeyushi vilivyokaushwa, na zao lake hujitenga lenyewe kama fuwele. Vilevile, familia hii ina historia ya kweli katika utafiti wa dawa: monastroli, ambayo ni dihaidropirimidinoni yenye salfa, huzuia protini ya Eg5 inayohitajika chembe hai inapogawanyika, na imewapa watafiti wa saratani mahali pa kuanzia.

Sharti moja linatawala hatua zote zilizo hapa chini. Usiunde kampaundi mpya kabla hujaunda ile inayojulikana kwa mikono yako mwenyewe, kwa chupa zilezile na kwa vyombo vilevile. Kampaundi inayojulikana ina kiwango cha kuyeyuka na spektra zilizochapishwa, kwa hiyo itakuonyesha ulipokosea. Kampaundi mpya haina cha kulinganishwa nacho, na kosa lako litajificha ndani yake.

## Vifaa na kemikali

Kazi hii ni ya maabara yenye msimamizi na kabati la kutolea mafusho. Si kazi ya jikoni wala ya chumba cha hosteli.

Kemikali za kuundia kampaundi ya mfano, yaani ile inayojulikana, kwa kipimo cha milimoli 10:

- Benzaldehaidi, gramu 1.06
- Ethili asetoasetati, gramu 1.30
- Urea, gramu 0.90 (milimoli 15)
- Etanoli ya 96% au zaidi, mililita 10 za mmenyuko, na nyingine ya kusafishia
- Asidi haidrokloriki kali, matone 5
- Myeyusho wa sodiamu kaboneti wa 10%
- Magnesiamu salfeti isiyo na maji
- Ethili asetati na heksani kwa ajili ya kromatografia

Vyombo: chupa ya kitako duara ya mililita 50, kondensa, kikorogeo cha sumaku chenye joto, beseni la maji au la mafuta, faneli ya kutenganishia, faneli ya Büchner pamoja na pampu ya kuvuta hewa, mizani inayosoma hadi gramu 0.01 au chini ya hapo, vibao vya silika vya kromatografia ya tabaka jembamba, taa ya urujuanimno ya nanomita 254, na kifaa cha kupimia kiwango cha kuyeyuka. Miwani ya usalama, glavu na koti la maabara si hiari.

Kuhusu urea, lazima niseme jambo moja, kwa kuwa jaribu lake ni kubwa. Urea ya mbolea inayouzwa madukani kwa wakulima ni urea kweli, lakini chembe zake huwa na biureti, unyevu, na mara nyingi formaldehaidi inayotiwa ili zisigandamane. Formaldehaidi nayo ni aldehaidi, na itajipenyeza kwenye mmenyuko wako. Tumia urea ya maabara. Ikikosekana kabisa, isafishe ya mbolea kwa kuiyeyusha katika etanoli ya moto, kuichuja ingali moto, na kuiacha ijenge fuwele upya.

Etanoli ya kuwashia majiko, ile iliyotiwa rangi, haifai. Mbali na rangi, huwa imechanganywa na methanoli, na methanoli mbele ya asidi inaweza kuchukua nafasi ya kundi la ethili katika zao lako.

## Hatua ya 1: Safisha benzaldehaidi

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoangusha kazi nyingi.

Benzaldehaidi hushambuliwa na oksijeni ya hewa na kugeuka asidi benzoiki. Itazame chupa ya stoo kabla ya kuifungua: ukiona ukoko mweupe shingoni au chini ya kifuniko, hiyo ndiyo asidi benzoiki yenyewe. Chupa iliyokaa wazi katika hali ya hewa ya joto inaweza kuwa imepoteza sehemu kubwa ya aldehaidi yake huku ikiendelea kunukia lozi kama kawaida, kwa hiyo pua si kipimo cha usafi.

Chukua mililita 20 za benzaldehaidi, uzitie kwenye faneli ya kutenganishia, na uzitikise pamoja na mililita 10 za myeyusho wa sodiamu kaboneti. Tikisa taratibu na ufungue bomba la faneli mara kwa mara ukiwa umeielekeza ndani ya kabati la mafusho, kwa sababu asidi na kaboneti hutoa kaboni dayoksaidi, na gesi ikikosa pa kutokea itarusha kizibo. Rudia hadi gesi iishe. Osha kwa maji mara moja, tenga tabaka la benzaldehaidi, likaushe kwa magnesiamu salfeti kwa dakika 15 hadi 20, kisha lichuje.

Zingatia kwamba benzaldehaidi ni nzito kidogo kuliko maji lakini nyepesi kuliko myeyusho wa sodiamu kaboneti wa 10%, kwa hiyo hukaa juu ya kaboneti na chini ya maji. Usimwage tabaka lolote hadi uwe na hakika lipi ni lipi. Tone moja la maji likidondoshwa juu litakuonyesha linajiunga na upande gani.

Utajua umefaulu ukiona kimiminika kisicho na rangi au chenye umanjano hafifu, kisicho na ukungu. Kitumie siku hiyohiyo. Kuchemsha na kutonesha kwa shinikizo dogo hutoa benzaldehaidi safi zaidi, lakini kwa kazi hii kuosha kunatosha.

## Hatua ya 2: Pima kwa mizani na upange mchanganyiko

Pima vimiminika kwa uzito, si kwa ujazo. Kosa la nusu mililita kwenye pipeti ya plastiki ni karibu nusu ya benzaldehaidi yako yote.

Tia urea kwanza kwenye chupa, fuatisha etanoli, kisha benzaldehaidi, kisha ethili asetoasetati. Washa kikorogeo. Mwisho dondosha matone 5 ya asidi haidrokloriki kali, ukiwa ndani ya kabati la mafusho. Asidi huja mwisho ili isikutane na kemikali moja peke yake kabla nyingine hazijachanganyika.

Urea imezidishwa mara moja na nusu kwa makusudi. Bei yake ni ndogo, na inayobaki huondoka kwa maji baridi. Aldehaidi haizidishwi, kwa kuwa inayobaki hung'ang'ania fuwele na kuzifanya zinate. Wapo wanaoongeza asidi wakidhani wataharakisha kazi. Asidi nyingi huanza kuvunja esta na urea, na huongeza uchafu kuliko mwendo.

## Hatua ya 3: Chemsha kwa kondensa

Funga kondensa, fungulia maji, kisha ndipo uwashe joto. Tumia beseni la maji au kikorogeo chenye joto. Usitumie moto wazi, kwa sababu mvuke wa etanoli hushika moto kwa urahisi. Juu ya kondensa pabaki wazi. Mfumo uliofungwa kila upande ukipashwa joto hupasuka.

Etanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi usawa wa bahari. Aliyeko Nairobi au Nyanda za Juu Kusini ataiona ikichemka nyuzi 4 au 5 chini ya hapo, na mmenyuko wake utakwenda polepole kidogo. Aongeze muda, asiongeze asidi. Endelea kuchemsha kwa saa 3, ukihesabu kuanzia matone ya kwanza yanaporudi kutoka kwenye kondensa.

Maji ya bomba yakikatika, zima joto mara moja. Maabara zenye shida ya maji hutumia ndoo ya maji yenye barafu na pampu ndogo ya tangi la samaki inayozungusha maji yaleyale, na njia hiyo inafanya kazi vizuri. Umeme nao ukikatika katikati ya kazi, usitupe chochote: acha mchanganyiko upoe, na umeme ukirudi endelea kuchemsha kwa muda uliobaki. Mmenyuko huu unavumilia kukatizwa.

Kinachotokea ndani ya chupa ni hiki. Asidi huifanya kaboni ya aldehaidi ipokee naitrojeni ya urea, maji yanatoka, na inabaki ayoni yenye njaa ya elektroni. Ethili asetoasetati huishambulia ayoni hiyo kwa kaboni yake ya katikati. Kisha naitrojeni ya pili ya urea inageuka na kujifunga kwenye kaboni ya ketoni, molekuli ya pili ya maji inatoka, na pete ya atomi sita inakamilika. Hesabu yake inathibitika kwa masi za moli: 106.12 jumlisha 130.14 jumlisha 60.06, toa molekuli mbili za maji, inabaki 260.29, ambayo ndiyo masi ya moli ya C14H16N2O3.

## Hatua ya 4: Fuatilia kwa kromatografia ya tabaka jembamba

Kila baada ya saa moja, chukua tone dogo kwa kapilari, lipunguze makali kwa ethili asetati, na uliweke kwenye kibao cha silika. Kandokando yake weka tone la benzaldehaidi safi, na katikati weka vyote viwili juu ya doa moja. Pandisha kwa mchanganyiko wa ethili asetati na heksani, sehemu moja kwa moja, kisha tazama chini ya taa ya nanomita 254.

Benzaldehaidi hupanda juu karibu na ukingo wa kiyeyushi. Zao hubaki chini yake kwa mbali, kwa sababu vikundi vyake viwili vya NH vinaishika silika. Urea haionekani chini ya taa hiyo, kwa hiyo kutoonekana kwake si ushahidi kwamba imekwisha.

Mmenyuko umefika mwisho pale doa la benzaldehaidi linapofifia na lisipungue tena kati ya vipimo viwili. Usisubiri lipotee kabisa. Wakati mwingine zao huanza kuganda ndani ya chupa ingali inachemka. Hiyo ni dalili njema, ila ongeza kasi ya kukoroga ili mchanganyiko usiruke.

## Hatua ya 5: Poza na uchuje

Ondoa joto, acha chupa ipoe hadi joto la chumba kwa muda wa saa moja, kisha iweke kwenye barafu kwa dakika 30. Kupoza haraka hutoa unga laini unaofungia uchafu ndani yake. Katika miji ya pwani, ambako joto la chumba hufika nyuzi 30, barafu si anasa: bila hiyo sehemu nzuri ya zao hubaki ndani ya etanoli na kumwagwa.

Chuja kwa faneli ya Büchner. Osha fuwele kwa maji baridi mara mbili, mililita 10 kila mara, ili kuondoa urea na asidi. Maliza kwa mililita 3 za mchanganyiko wa etanoli na maji, nusu kwa nusu, uliopozwa kwa barafu. Kabla ya kumimina kila kiosheo, zima pampu, sambaza kiosheo kote juu ya fuwele, ndipo uwashe tena. Kiosheo kinachovutwa papo hapo hupita kwenye mfereji mmoja na kuacha kwingine kote kuchafu.

Fuwele zisipotokea, usimwage chupa. Kwangua ukuta wa ndani kwa kijiti cha kioo, kwa kuwa mikwaruzo midogo huzipa fuwele mahali pa kuanzia. Ikishindikana, punguza etanoli hadi nusu kwa kuivukiza, kisha uiache chupa usiku kucha. Wengi huharakia kumimina mchanganyiko wote kwenye bika ya maji. Njia hiyo hutoa kitu cheupe kweli, lakini hushusha kwa pamoja zao, aldehaidi iliyobaki na kila kisichopenda maji, na utakuwa umehamisha tatizo kwenda hatua inayofuata.

Likitokea tabaka la mafuta badala ya fuwele, pasha chupa moto tena, ongeza etanoli kidogo hadi mafuta yayeyuke, kisha poza polepole zaidi kuliko mara ya kwanza. Ukiwa na fuwele chache kutoka kwa mwenzako aliyefaulu, dondosha moja ndani.

## Hatua ya 6: Jenga fuwele upya

Unga uliochujwa bado si safi. Uweke kwenye chupa ya koni, ongeza etanoli mililita 15, uchemshe, kisha ongeza etanoli ya moto kidogo kidogo hadi unga wote uyeyuke na usizidishe hapo. Etanoli ya ziada ndiyo inayokula zao. Ikiwa kuna chembe zisizoyeyuka hata baada ya nyongeza mbili tatu, huenda ni takataka. Chuja myeyusho ungali moto kupitia faneli iliyopashwa joto.

Funika, acha ipoe bila kuisogeza, kisha barafu, kisha chuja kama mwanzo. Fuwele za kampaundi hii huwa nyeupe. Umanjano unaobaki baada ya kusafisha mara mbili ni ishara ya aldehaidi iliyobaki au ya benzaldehaidi ambayo haikuoshwa.

## Hatua ya 7: Kausha, pima uzito, pima kiwango cha kuyeyuka

Kausha kwenye oveni ya nyuzi 60 hadi 70 mpaka uzito usibadilike kati ya vipimo viwili vilivyopishana kwa saa moja. Halafu hifadhi ndani ya desiketa yenye jeli ya silika. Kukausha juu ya karatasi kwenye meza hakutoshi. Etanoli hubaki ndani ya fuwele, na madhara yake utayaona katika hatua ya 8.

Zao la juu kabisa linalowezekana kwa hesabu ni gramu 2.60. Ukipata kati ya gramu 1.6 na 2.1 umefanya kazi nzuri. Ukipata zaidi ya gramu 2.60, usishangilie: hakijakauka, au kimebeba urea.

Pasha kifaa haraka hadi nyuzi 180, kisha punguza kasi iwe nyuzi 1 au 2 kwa dakika. Kampaundi safi huyeyuka karibu na nyuzi 202 hadi 204, ndani ya upana usiozidi nyuzi 2. Maandiko mbalimbali hutofautiana kwa nyuzi chache, kwa hiyo upana mwembamba ni ushahidi mzito kuliko namba yenyewe.

Hapa kipimo rahisi cha dola chache kinaokoa ada ya kipimo ghali. Unga ukiyeyuka karibu na nyuzi 122, ulichonacho ni asidi benzoiki kutoka kwenye chupa iliyooza. Ukiyeyuka karibu na 133, ni urea ambayo haikuoshwa. Tia chembe ndani ya maji, na itayeyuka mara moja, jambo ambalo zao halifanyi. Ukianza kulegea kwenye 185 na kumalizika 198, zao lipo ila ni chafu, rudi hatua ya 6. Sampuli isiyopita hapa isipelekwe popote.

## Hatua ya 8: Thibitisha muundo

Anza na infraredi, kwa kuwa mashine zake zinapatikana katika vyuo vingi. Tafuta mikanda ya N-H karibu na 3240 na 3110, na mikanda miwili ya kabonili, mmoja wa esta karibu na 1700 hadi 1725 na mwingine wa urea iliyofungwa kwenye pete karibu na 1650, yote kwa kipimo cha sm⁻¹. Infraredi inasema vikundi vipo, haisemi vimeunganikaje.

NMR, kipimo cha mwitikio wa viini vya atomi ndani ya sumaku, ndiyo inayoamua. Tuma miligramu 10 hadi 20 kavu kabisa, na uombe kiyeyushi cha DMSO (dimethili salfoksaidi) yenye deuteri, yaani haidrojeni nzito, kwa sababu kampaundi hii haiyeyuki vizuri katika kloroformu. Katika spektra ya protoni tarajia haya, kwa ppm:

- 9.2 na 7.7: vilele viwili vya NH, protoni moja kila kimoja
- 7.2 hadi 7.4: protoni 5 za pete ya fenili
- 5.15: protoni moja ya kaboni namba 4, kilele pacha chenye mwachano wa takribani hezi 3
- 4.0: protoni 2 za OCH2, matawi manne
- 2.25: protoni 3 za methili ya kwenye pete
- 1.1: protoni 3 za methili ya esta, matawi matatu

Kilele cha 5.15 ndicho sahihi ya pete. Hakimo katika benzaldehaidi, hakimo katika ethili asetoasetati, na kinajitokeza tu pale kaboni ya aldehaidi inapokuwa imeshika naitrojeni upande mmoja na kaboni ya pete upande wa pili. Karibu na 10.0 pawe tupu. Kilele chochote hapo ni aldehaidi iliyobaki.

Sasa linganisha na ukaushaji. Etanoli katika DMSO huonyesha matawi matatu kwenye 1.06, karibu kabisa juu ya methili ya esta yako. Ethili asetati huonyesha matawi manne kwenye 4.03, karibu kabisa juu ya OCH2 yako. Mtu aliyekausha vibaya huhesabu protoni 4 au 5 mahali penye 3, kisha huanza kubuni miundo ya ajabu kuieleza ziada hiyo. Kilele cha 2.50 ni cha DMSO yenyewe na cha 3.33 ni cha maji; visikusumbue.

Katika spektra ya kaboni, kabonili mbili hujitokeza karibu na 165 na 152, na kaboni namba 4 karibu na 54.

## Hatua ya 9: Geukia kampaundi mpya

Sasa, na si kabla ya sasa, badilisha kitu kimoja. Kubadilisha aldehaidi ni rahisi kuliko kubadilisha kingine chochote, na hapo ndipo penye mtego: kampaundi za Biginelli zilizokwisha kuundwa ni maelfu. Benzaldehaidi yenye klorini, yenye methoksi, yenye naitro, zote zimetumika zamani. Kuzirudia ni zoezi zuri, lakini si ugunduzi.

Chora muundo unaoukusudia na utafute kwa muundo, si kwa jina, kwa kuwa kampaundi moja huwa na majina mengi. Hifadhidata za PubChem na ChEMBL ni za bure. SciFinder na Reaxys hulipiwa, ila ndizo zinazofika kwenye hataza na majarida ya zamani, hivyo muombe mkutubi wa chuo au mshirika mwenye leseni akutafutie kabla hujaandika neno "mpya". Kampaundi ya mfano huandikwa hivi kwa mfumo wa SMILES, ukiihitaji kuanzia utafutaji: CCOC(=O)C1=C(C)NC(=O)NC1c1ccccc1.

Njia inayozaa upya wa kweli ni kutumia aldehaidi yenye mpini wa kushikia kipande kingine. Vanilini ni mfano mzuri. Ina kundi la hidroksili ambalo unaweza kuliambatisha kipande kingine cha heterosaikliki kwanza, kisha ndipo uiingize kwenye mmenyuko wa Biginelli. Isitoshe, vanilini inaweza kutengenezwa kutokana na eujenoli, kiungo kikuu cha mafuta ya karafuu, na viwanda viliwahi kuitengeneza hivyo. Kwa maabara ya Zanzibar au Pemba hilo ni wazo la mradi lenye mizizi nyumbani.

Badiliko la pili ni kuweka thiourea, ambayo ni urea yenye salfa mahali pa oksijeni, mahali pa urea. Monastroli yenyewe hupatikana kwa thiourea na aldehaidi yenye hidroksili kwenye nafasi ya 3. Thiourea ni sumu kuliko urea, na hushukiwa kusababisha saratani. Glavu na kabati la mafusho ni lazima, na mabaki yake yasimwagwe kwenye sinki.

Kabla ya kuunda, pitisha muundo kwenye kanuni ya Lipinski ya mwaka 1997: masi ya molekuli isiyozidi 500, logP (kipimo cha kupenda mafuta kuliko maji) isiyozidi 5, vitoa vya vifungo vya haidrojeni visivyozidi 5, na vipokea vya vifungo vya haidrojeni visivyozidi 10. SwissADME hufanya hesabu hiyo bure. Kanuni hii inahusu dawa za kumeza na si sheria, lakini kampaundi inayovunja vigezo viwili au zaidi inahitaji sababu nzito ya kuiunda.

Kwa kampaundi mpya, ushahidi unaodaiwa huongezeka: NMR ya protoni na ya kaboni, spektrometria ya masi ya usahihi wa juu, kiwango cha kuyeyuka, infraredi, na usafi usiopungua 95% kwa HPLC (kromatografia ya kimiminika ya ufanisi wa juu). Hakuna kimoja kinachochukua nafasi ya kingine.

## Hatua ya 10: Andaa sampuli kwa vipimo vya kibiolojia

Tengeneza myeyusho wa akiba wa milimolari 10 katika DMSO. Kwa kampaundi ya mfano, hiyo ni miligramu 2.60 kwa kila mililita. DMSO yenyewe huua chembe hai ikizidi, kwa hiyo kipimo cha mwisho kisipite 0.5%, maana yake ni kwamba huwezi kupima zaidi ya mikromolari 50 kutoka kwenye akiba hiyo. Kila jaribio liwe na visima (vishimo vidogo vya bamba la majaribio) vyenye DMSO peke yake na visima vyenye dawa inayojulikana kufanya kazi.

Kwa bakteria, acha mtindo wa kuweka vidoa vya karatasi juu ya agari na kupima duara kwa rula. Kampaundi hizi hazipendi maji, hazisafiri vizuri ndani ya agari, na duara dogo linaweza kumaanisha kwamba kampaundi haikutoka kwenye karatasi, si kwamba ni dhaifu. Tumia njia ya kupunguza makali ndani ya mchuzi wa kuoteshea kwenye bamba la visima 96, upate kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji. Ukiona mawingu kisimani kabla ya kutia bakteria, kampaundi imeganda, na namba ya kisima hicho haina maana.

Kila kinachoua vimelea au chembe za saratani kipimwe pia dhidi ya chembe za kawaida za mamalia. Kampaundi inayoua zote kwa kiwango kilekile ni sumu tu.

Kumbuka pia kwamba kaboni namba 4 ina sura mbili zinazotazamana kama mkono wa kulia na wa kushoto, na njia hii hutoa zote mbili nusu kwa nusu. Kwa monastroli, sura ya S ndiyo yenye nguvu zaidi. Andika wazi katika ripoti kwamba ulichopima ni mchanganyiko wa sura mbili. Kutenganisha kunahitaji HPLC yenye safu maalumu, na kunastahili gharama hiyo pale tu kampaundi inapoonyesha nguvu.

Matokeo yakiwa mazuri, unda fungu la pili kuanzia hatua ya 1, kwa benzaldehaidi au vanilini ya chupa nyingine, ulithibitishe upya, na ulipime tena. Funga sampuli zote mbili kwenye vichupa vyeusi vyenye jina la muundo, tarehe, uzito, namba ya ukurasa wa daftari lako na onyo kwamba haijajaribiwa kwa binadamu wala mnyama. Majaribio ya wanyama yanaanza baada ya kibali cha kamati ya maadili ya taasisi yako.